Mali ya Msafiri: Ulinzi na Wizi wa Safarini katika Pwani ya Tanga

"Hamadi kibindoni, silaha iliyo mkononi," husema watu wa pwani, na maana yake ni kuwa akiba ifaayo ni ile iliyo karibu na mwenyewe. Wengi wa wanafunzi wetu huitumia methali hii vizuri katika insha zao, lakini ukiwauliza kibindo ni nini, hutazamana. Kibindo ni lile kunjo la shuka au kikoi lipindwalo kiunoni, ndani yake mtu akatia fedha, tambuu au karatasi ya maana, kisha akalikaza. Mwanamke naye alikuwa na fundo lake katika pindo la kanga. Hapakuwa na kufuli wala kifungo. Palikuwa na nguo na ngozi tu, na aliyetaka kuiba hapo hakuwa na budi kumgusa mwenyewe mahali ambapo mtu haguswi asishituke.

Nimeanza na neno hili kwa sababu historia ya wizi wa safarini haikuandikwa mahali pamoja. Imetawanyika katika maneno, katika mavazi, katika habari za misafara na katika vitabu vya sheria. Hapa nataka kuikusanya kwa ajili ya upande mmoja tu wa pwani, yaani ule unaoanzia Pangani ukapita Tanga hadi mpakani Horohoro, na kuuliza swali moja: msafiri wa huku aliilindaje mali yake, na ulinzi huo uligeukaje hata leo abiria wa basi liendalo Mombasa akawa anapapasa mfuko wake kila aguswapo bega? Jibu nitakalolitetea ni kwamba mlinzi mkuu wa mali ya msafiri hakuwa kibindo, wala upanga, wala askari. Alikuwa mwenziwe wa safari. Mwenzi huyo alipoondoka, mchopozi alikalia nafasi yake.

Tuanze na misafara. Katika karne ya 19 Pangani ilikuwa mlango wa njia kubwa ya kaskazini. Misafara iliondoka hapo ikafuata bonde la mto, ikapita chini ya milima ya Usambara na Upare, ikaelekea Kilimanjaro na nchi ya Wamasai kutafuta pembe za ndovu. Tanga nayo ilikuwa na misafara yake. Burton na Speke walifika pande hizi mapema mwaka 1857, wakapanda hadi Vuga kwa mfalme Kimweri; na mwaka 1882 padri Farler wa Magila, karibu na Muheza, alichapisha habari za njia zitokazo Pangani kwenda Umasai na hadi ziwa la Victoria. Njia hizo, basi, zilikuwa zimekwisha kukanyagwa na watu wengi kabla ya kuingia katika ramani za wageni.

Mali iliyopita humo ilikuwa nguo za merikani na kaniki, ushanga, na masango. Ilifungwa mizigo, kila mmoja ratili 60 hadi 70, yaani kilo 30 hivi, kadiri ya nguvu ya pagazi mmoja. Mzigo wa nguo uliitwa mtumba, na neno hilo tungali nalo: nguo kuukuu zinazouzwa leo katika masoko yetu zaitwa mitumba kwa kuwa nazo huja zimefungwa marobota. Sasa na afikiri msomaji: ni nani awezaye kuchopoa mzigo wa kilo 30 mwilini mwa mtu asisikie? Mali ya wakati ule ilijilinda kwa uzito wake. Mwizi wa vidole viwili hakuwa na kazi njiani.

Hatari ilikuwa nyingine, nayo ilikuwa ya namna mbili. Ya kwanza ilikuwa nguvu iliyo wazi: msafara kushambuliwa, au mwenye nchi kudai hongo kubwa kuliko desturi. Hongo haikuwa bado na aibu iliyo nayo sasa. Ilikuwa ada ya kupita, na aliyeilipa alitazamia ruhusa na himaya ya mwenye nchi. Ndiyo sababu wasafiri walioandika habari zao kwa Kiswahili, kama wale ambao Velten alizitoa safari zao katika kitabu mwaka 1901, huitaja hongo pamoja na maji na chakula, kama sehemu ya kawaida ya njia. Hatari ya pili ilikuwa kutoroka kwa pagazi. Huyu ndiye aliyebeba mali, ndiye aliyelala karibu nayo, na usiku mmoja aliweza kuingia porini na mtumba wake asionekane tena. Kikulacho ki nguoni mwako.

Je, wakubwa wa misafara walifanya nini juu ya hatari hii ya pili? Hawakuficha mali, kwa kuwa haikufichika. Walifunga watu kwa mafungamano. Mapagazi waligawanyika aghalabu kwa vikundi vya watu waliojuana, wa nchi moja au mji mmoja, kila kikundi na mnyapara wake. Walipika chungu kimoja na kulala mahali pamoja. Kambi ilizungushiwa boma la miiba panapo hatari, na mizigo ilikusanywa pamoja badala ya kila mtu kulala na wake pembeni. Asubuhi kila mzigo uliinuliwa na mtu anayejulikana. Aliyetoroka hakumwibia tajiri peke yake. Aliwatia aibu wenziwe wa chungu kimoja, na jina lake lilifika pwani, ambako ndiko alikotazamia kupata kazi tena. Sisemi kwamba dawa hii iliponya kila mara, maana habari za kutoroka ni nyingi katika vitabu vya safari. Lakini hii ndiyo dawa iliyokuwapo, nayo ilikuwa dawa ya watu kwa watu.

Fedha nazo zilikuwa na dawa yake, ambayo ni kutosafiri kabisa. Biashara ya misafara iliendeshwa kwa mkopo wa matajiri wa Kihindi wa Unguja na wa miji ya mrima. Tippu Tip, katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe, amtaja Taria Topan kuwa ndiye aliyempa mali za kupeleka bara. Deni liliandikwa katika daftari na malipo yaliweza kuhamishwa kwa hundi kutoka mji hadi mji. Hivyo sehemu kubwa ya thamani haikuonekana njiani. Ilikaa katika karatasi na katika jina jema la mkopaji, mahali ambapo mkono wa mwizi haufiki.

Sheria nayo ilikuwa na fikira zake juu ya jambo hili, nazo zafaa kukumbukwa. Makadhi wengi wa miji yetu walihukumu kwa madhehebu ya Imamu Shafii. Katika fikihi mwizi hapewi adhabu kubwa ya wizi ila kitu kiwe kimetolewa katika hirzi, yaani mahali pa hifadhi panapolingana na kitu chenyewe. Anayenyakua wazi akakimbia, hukumu yake ni mbali. Anayefanya hiana katika amana, hukumu yake ni mbali. Ingawa wote wametenda dhambi. Mafakihi walijadiliana hata juu ya mchopozi: mfuko ukikatwa katika mkono wa nguo ya mtu, je, umetolewa katika hirzi? Abu Hanifa alitofautisha kati ya mfuko uliofungwa nje na ule uliokuwa ndani ya nguo. Shafii hakutofautisha, kwa maana mtu mwenyewe ndiye hifadhi ya alichokivaa. Ajabu ni kwamba lugha yetu imeshika tofauti hizohizo bila ya kwenda chuoni: mchopozi ni yule achopoaye kwa siri, na mkwepuzi ni yule akwepuaye mchana kweupe akatimua mbio.

Iko pia hadithi ya Safwani bin Umayya, ambayo wanazuoni huitaja mlango huu. Safwani alilala msikitini, joho lake likiwa chini ya kichwa chake, mwizi akalichomoa. Mwizi alishikwa akapelekwa kwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Ilipotoka hukumu, Safwani aliona huruma akataka kusamehe. Akajibiwa kwamba nafasi ya msamaha ilikuwa kabla ya kumleta mbele ya hukumu. Tuchukue mambo mawili katika kisa hiki. La kwanza, aliyelala na nguo yake chini ya kichwa amehesabiwa kuwa ametimiza wajibu wa kulinda. Hakuna aliyemlaumu kwa kulala. La pili, huruma ina wakati wake, na wakati huo ni kabla jambo halijatoka mikononi mwako. Hili la pili tutalihitaji mbele.

Mabadiliko yalianza mwishoni mwa karne. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana pwani kwa mstari uliotoka karibu na mlango wa mto Umba. Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ilishika miji ya mrima, vita vikazuka, na Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Mwaka 1893 yalianza mambo mawili yaliyoubadili kabisa mkoa huu. Reli ilianza kujengwa kutoka Tanga. Ilifika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Na mwaka huohuo wa 1893 Dakta Hindorf alileta miche ya mkonge 1,000 kutoka Florida, ikasalimika 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka miche hiyo mashamba yalienea hadi Tanganyika ikaongoza duniani kwa mkonge, na katika miaka ya 1960 mavuno yakapita tani 200,000 kwa mwaka.

Pamoja na reli na shamba ilikuja sarafu. Fedha za chuma zilikuwapo zamani, reale na rupia, lakini hazikuwa mikononi mwa kila mtu. Kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwaka 1898 ilimlazimu mwanakijiji wa milimani kutafuta sarafu, naye akazifuata mjini na shambani. Rupia ilihesabiwa kwa pesa 64. Mwaka 1904 Wajerumani wakaleta heller, 100 kwa rupia. Katika paisa ya Kihindi tumepata pesa, na katika heller tumepata hela. Maneno haya mawili tunayoyatamka kila siku ni kumbukumbu ya wakati ambapo mali ya mtu wa kawaida ilipungua ukubwa hata ikaweza kufichika katika ganja la mkono.

Hapo ndipo alipozaliwa mchopozi wa safari, na mambo matatu yalishirikiana kumzaa. Mali ilikuwa ndogo na nyepesi: kazi ya miezi mitatu iliweza kuingia katika kitambaa. Vazi lilibadilika: kanzu, koti na suruali vilikuja na mfuko ulioshonwa, nao mfuko ni nyumba isiyo na mlango, ilhali kibindo kilikazwa na mwili wenyewe. Na la tatu, ambalo ndilo kubwa, msafiri hakuwa tena na wenzi. Katika behewa la gari la moshi walikaa watu wasiojuana. Waliingia Tanga, wakashuka Korogwe, na jina la aliyeiba halikutangulia mahali popote, kwa sababu hakuna aliyelijua. Safari iliyokuwa ya wiki nyingi ikawa fupi, na katika ufupi huo watu hawakupata muda wa kupika chungu kimoja.

Mtu aliyeonja uchungu wa mabadiliko haya ni manamba. Hivyo ndivyo walivyoitwa vibarua wa mkonge, kwa ile namba waliyopewa. Walitoka Kigoma, Songea, Rwanda na Burundi, na ng'ambo ya Ruvuma. Na tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwaandika na kuwasafirisha, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Kila mtu alikuwa na kipande chenye nafasi 30, na malipo yalifuata siku zilizotimia. Alipomaliza mkataba wake alikuwa na jasho la muda mrefu katika kifurushi, na safari ndefu mbele yake. Wengi walirejeshwa kwa makundi, na kundi lilikuwa ngome yao. Lakini aliyebaki nyuma, au aliyetaka kupitia mjini kununua zawadi, alikuwa windo jepesi. Mwizi hakuhitaji werevu mwingi kumtambua: blanketi, sanduku na lafudhi vilimtangaza. Kumwibia mtu wa namna hii kulikuwa kumwibia mwaka mmoja wa maisha yake, na kumwacha akione haya kwao kurudi mikono mitupu.

Basi lilimaliza kazi iliyoanzwa na reli. Malori ya abiria yalianza kuzoeleka baada ya vita vya kwanza, na baada ya vita vya pili mabasi yakaenea hadi vijijini. Gari la moshi lina nafasi na saa zake. Basi husimama kila njia panda. Mlango wake ni mmoja na mwembamba, na watu huugombea. Mizigo hupandishwa juu au hutiwa katika buti, nje ya macho ya mwenyewe. Abiria huondoka alfajiri na usingizi, hufika usiku na uchovu. Ukitaka kubuni chombo cha kumfaa mchopozi, huwezi kubuni kilicho bora kuliko hiki, ingawa aliyekibuni hakuwa na nia hiyo.

Kazi yake yenyewe ina utaratibu wa kazi za mikono. Aghalabu si mtu mmoja. Wa kwanza huziba mlango, kana kwamba ameangusha kitu au anabishana juu ya nauli. Wa pili husukumana na abiria kwa nyuma na vidole vyake viko mfukoni au wembe wake uko chini ya mkoba. Wa tatu hupokea na kuondoka. Ukimshika wa pili huna ushahidi, maana kitu kimekwisha kwenda. Hivyo twaona kwamba wezi wameendelea kusafiri kwa kundi, kila mtu na kazi yake, wakati ambapo wasafiri wameacha kufanya hivyo. Msafara haukufa, umehamia upande wa pili.

Mpakani hatari huongezeka kwa sababu nyingine, nayo ni ugeni. Kwa asili hapa si ugenini. Wadigo, Wasegeju na Wavumba wako pande zote mbili za mstari wa 1886, na mtu wa Tanga akifika Vanga huuliziwa jamaa zake. Hata hivyo, Horohoro na Lungalunga fedha hubadilika, na mtu asiyeijua sura ya noti huhesabiwa anavyotaka mwingine. Benki Kuu ya Kenya iliziondoa noti za zamani za shilingi 1,000 katika matumizi mwisho wa Septemba 2019; aliyepewa noti kama hiyo baada ya hapo na mvunja fedha wa barabarani alipewa karatasi tu. Huu ni wizi usiogusa mfuko: mwenyewe hutoa kwa mkono wake na kushukuru. Mbele yake kipo kivuko cha Likoni, ambako umati wa watu hubanana kuingia Mombasa, na mgeni hutazama bahari na meli huku mkoba wake ukitazamwa na mwingine.

Lakini wizi unaonisikitisha zaidi ni ule wa chakula. Abiria hukaribishwa soda au biskuti na jirani yake mwenye maneno mazuri, akala, akalala, akaamka mwisho wa safari hana kitu. Na wapo walioamkia hospitali. Kenya dawa ya namna hii imepewa jina la mzaha, mchele. Angalia basi jinsi mwizi alivyofika mbali. Katika msafara, kula pamoja ndiko kulikozaa uaminifu. Sasa kula pamoja ndiko kunakotumiwa kuuvunja. Amekwiba fedha, na pamoja nazo ameiba desturi ya kukaribishana, ambayo hailipwi na mtu. Ushauri wa kukataa chakula cha usiyemjua ni wa lazima, nami nautoa. Lakini nautoa kama mtu atoaye habari ya msiba.

Na sasa nirejee katika lile jambo la pili la kisa cha Safwani. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwanafunzi, nilikuwa katika stendi moja ya mabasi ambayo sitaitaja. Abiria mmoja alipapasa mfuko wake, akaukuta mtupu, akapiga ukelele: Mwizi! Kijana aliyekuwa karibu naye alianza kukimbia. Pengine alikimbia kwa sababu alikuwa ameiba. Pengine alikimbia kwa sababu alijua nini hufuata neno lile. Hakufika mbali. Mawe yalitoka mikononi mwa watu ambao hawakuibiwa kitu. Mwenye mfuko, mtu mzima mwenye kofia, aliomba kwa sauti kubwa waache, akasema amesamehe, fedha zenyewe zilikuwa kidogo. Hapakuwa na mtu wa kumsikia. Askari walipokuja yule kijana alikuwa hasemi tena. Mfuko haukuonekana, si mkononi mwake wala katika nguo zake. Mpaka leo sijui kama alikuwa mwizi, na nadhani hata mwenye mfuko hakupata kujua.

Wapo wanaosema kuwa ukali huu huwatisha wezi. Historia haikubaliani nao. Uingereza ilikuwa na sheria ya kumnyonga mchopozi tangu karne ya 16, nayo haikuondolewa hadi mwaka 1808 kwa juhudi ya Samuel Romilly. Na watu wa zama hizo walilalamika kuwa mifuko ilichopolewa katika umati uleule uliokusanyika kutazama wengine wakinyongwa. Kwetu sheria za jinai za Tanzania na Kenya zimeutaja wizi wa kitu kilicho mwilini mwa mtu, na wizi wa vitu vilivyo safarini, kuwa makosa yanayostahili adhabu zaidi ya wizi wa kawaida. Njia ya hukumu iko wazi. Umati hauitumii, kwa kuwa umati hautaki kujua ni nani, wataka kumaliza.

Kwa ajili hiyo naona kwamba elimu ya kuepuka wizi ina thamani kuliko ile iliyo katika mfuko. Anayejilinda vizuri haokoi nauli yake tu. Huenda akaokoa roho ya mtu, na kujiokoa mwenyewe asije akawa mwenye kupiga ukelele asioweza kuurudisha.

Elimu hiyo si mpya. Sehemu yake imo katika niliyokwisha kuyasema. Wafanya biashara wa zamani waliiacha thamani isisafiri. Nasi tuna njia kama hiyo tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Ni hundi iliyorudi kwa sura nyingine. Lakini hundi haikuwa na siri moja ya tarakimu nne ambayo mtu huweza kuisoma akikuchungulia begani, wala haikuwa na wale waandikao ujumbe kwamba ile hela uitume kwa namba nyingine. Kwa hiyo siri hiyo sasa ndiyo kibindo chako. Waliokwenda kwa miguu waliihesabu mizigo kila asubuhi. Nawe uhesabu wako kila basi lisimamapo, uangalie buti linapofunguliwa, na ushike stakabadhi yake. Wazee waligawa: kidogo kibindoni, kidogo ndani ya mzigo. Nawe weka nauli na fedha za maji mahali pamoja, na zilizobaki mahali pengine karibu na ngozi, ili usifungue akiba yako mbele ya watu. Safwani aliweka joho chini ya kichwa. Nawe mkoba uwe mapajani na mshipi wake mkononi, usiwe juu ya kichwa chako wala miguuni. Mlangoni pakizibwa, usisukume. Rudi nyuma hatua moja na uweke mkono juu ya mfuko, kwani mwenye haraka ndiye anayetafutwa. Fedha ya ng'ambo ijue sura yake kabla ya kufika mpakani, na uibadili dukani au benki.

Haya yote ni kibindo. Yaliyobaki ndiyo makubwa. Kabla basi halijaondoka Kange, msalimu aliye kando yako, umwulize atokako na aendako, naye akuulize. Mjue utingo kwa jina, na ajue kuwa wamjua. Ukiwa na jamaa katika mji uendako, mpe habari ya saa yako ya kufika, na usione haya kupokewa. Hapana haja ya kula biskuti ya mtu ili kumfahamu. Salamu yatosha, na macho ya jirani yako yakiwa juu ya mkoba wako wakati umesinzia, umekwisha kuwa na msafara wa watu wawili. Mchopozi huchagua aliye peke yake, na katika basi la watu 60 wasiosalimiana, wote 60 wako peke yao.

Wazee wetu wa Pangani hawakuwa watu wema kuliko sisi. Njia zao zilibeba pembe, na zilibeba watumwa pia, na hatuna sababu ya kuzipamba. Lakini walijua jambo moja ambalo reli, sarafu na basi vimetusahaulisha: kwamba mali ikisafiri na mtu asiyejulikana na yeyote, imekwisha nusu kuibiwa. Kibindo kilikuwa cha mwisho kati ya ngome zao. Sisi tumekifanya cha kwanza, kisha tunashangaa kuwa hakitoshi.